Boksi linalosoma CD bila kutoa sauti

Baba mdogo alinipigia simu Jumamosi moja ya Julai, msimu ule ambao asubuhi pale Uyole, Mbeya, ukipumua unaona mvuke. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa mchana kweupe. Wiki hiyo alikuwa amerudi kutoka Tunduma na mashine ya CD ya mtumba: uso wa alumini, nzito kama tofali, trei inatoka taratibu kwa madaha. Aliifuta vumbi, akachukua waya wa AUX, akaiunganisha na sabufa ya sebuleni, akaweka diski. Diski ikazunguka. Kwenye kioo namba zikaanza kuhesabu, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Spika kimya. Ukiweka sikio karibu kabisa unasikia kimchirizo kama mafuta yanayochemka nyumba ya pili.

"Mwanangu," akaniambia, "nimeuziwa maiti."

Nilipofika niliigeuza nyuma. Mashine ya CD tuliyoizoea ina matundu mawili nyuma, jekundu na jeupe, ya kulia na kushoto. Hii ilikuwa na tundu moja tu lenye duara la rangi ya chungwa, pembeni kidude cha mraba chenye kizibo cheusi cha plastiki, na sehemu ya kuchomeka umeme. Basi. Baba mdogo alikuwa amechomeka pini nyeupe kwenye lile tundu la chungwa, nyekundu ameiacha inaning'inia nyuma ya kabati. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Ilitengenezwa makusudi ifanye nusu ya kazi, na aliyeiuza ama hakujua, ama alijua vizuri sana.

"Baba, hii haitoi muziki. Inatoa namba."

"Namba za nini?"

Hapo ndipo tulipoanzia, na mimi naanzia hapohapo, maana mashine za namna hii zinazidi kuonekana kwenye mitumba ya vifaa na wengi wanazitupa au kuziuza kwa bei ya chuma chakavu.

CD haina sauti ndani yake. Kaseti ilikuwa na kitu kinachofanana na sauti, sumaku inayopanda na kushuka jinsi sauti ilivyopanda na kushuka. Santuri nayo ina mfereji unaoyumba kama sauti ilivyoyumba, ndiyo maana ukizima amplifaya na kutega sikio kwenye sindano bado unasikia wimbo ukilia kwa mbali. CD haina kitu cha namna hiyo. Wakati wa kurekodi, sauti hupimwa imepanda au imeshuka kiasi gani mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba ya biti 16 (biti ni tarakimu moja, 0 au 1), yaani moja kati ya ngazi 65,536. Fanya hivyo kwa upande wa kushoto na wa kulia, unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Namba hizo ndizo zinazochapwa kwenye diski kama vishimo vidogo mno. Kwa hiyo mashine ya CD ina kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kwanza isome vishimo na kupata namba sahihi. Pili izigeuze namba hizo kuwa umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya inaujua. Mashine ya kawaida ina wafanyakazi wote wawili ndani ya boksi moja. Mashine ya baba mdogo ina wa kwanza tu. Nitamwita kisomaji. Wa pili nitamwita kigeuzi, ingawa madukani boksi lake limeandikwa DAC na kila mtu anatamka dak.

Kisomaji ndiye mwenye kazi ngumu ya mikono, na naomba tukae naye kidogo.

Njia ya vishimo kwenye CD ni moja tu, inaanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka kwenda nje, kama kikapu kinavyoanza kusukwa kitakoni na kupanuka. Ukiinyoosha inazidi kilomita 5. Kati ya mzunguko mmoja na mwingine kuna mikromita 1.6, hivyo unywele mmoja wa kichwa ukilala juu ya diski unafunika mizunguko zaidi ya 30. Leza yake ni ya mwanga usioonekana vizuri kwa macho, wa nanomita 780, nayo inatakiwa ibaki juu ya mzunguko mmoja huku diski ikikimbia mizunguko 500 hivi kwa dakika ikiwa ndani, na kupungua hadi 200 ikifika pembeni. Tena hakuna diski iliyonyooka sawasawa. Inapanda na kushuka ikizunguka, kama tairi la baiskeli lililopinda. Lenzi, kile kijicho cha bluu unachokiona ukifungua trei, imeshikiliwa na vinyaya vyembamba na koili mbili: moja inaipandisha na kuishusha ifuate diski, nyingine inaisogeza pembeni ifuate njia. Kazi hiyo inafanyika muda wote wimbo unapopiga, mamia ya masahihisho kila sekunde. Ukiwa na deki bovu lisilo na kifuniko, subiri liwashwe bila diski uangalie kwa pembeni: lenzi itanyanyuka, itashuka, itanyanyuka tena, inatafuta kitu cha kutazama, kisha inakata tamaa na kuandika hakuna diski. Usiitazame kutoka juu. Mwanga huo jicho halikwepeshi kwa sababu halioni ukali wake.

Sasa, pamoja na ustadi wote huo, diski zetu zina mikwaruzo, vumbi na alama za vidole vilivyotoka kula chapati. Makosa ya kusoma ni ya kila sekunde. Kinachookoa ni hesabu iliyochapwa pamoja na muziki wenyewe. Msingi wake uliwekwa na Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, mwaka 1960, miaka 20 na zaidi kabla ya CD kuingia sokoni. Chukua daftari la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mwanachama ana mstari wake, kila wiki ina safu yake, na mwisho wa kila mstari na kila safu kuna jumla. Chai ikimwagikia kisanduku kimoja namba ikafutika, mweka hazina haombi kikao cha dharura. Anatoa zilizopo kwenye jumla, anapata iliyopotea. CD inafanya jambo la ukoo huo: kwa kila baiti 24 za muziki (baiti ni fungu la biti 8) kuna baiti 8 za kukagua. Theluthi nzima juu ya mzigo, kwa ajili ya tahadhari tu.

Lakini jumla haisaidii kama chai imemwagikia ukurasa mzima. Ndiyo maana kuna ujanja wa pili, na kwa mtu wa Uyole hauhitaji maelezo marefu. Fikiria wakulima kumi wanasafirisha viazi Dar es Salaam kwa malori kumi. Kila mkulima akijaza lori lake, na lori moja likapinduka mlima Kitonga, mmoja amefilisika. Lakini gunia za kila mkulima zikigawanywa kwenye malori yote kumi, lori moja likipinduka kila mmoja amepoteza kidogo, na kidogo hicho kinafidiwa. Namba za CD zimetawanywa hivyo. Namba zinazofuatana kwenye wimbo hazikai pamoja kwenye diski, kwa hiyo mkwaruzo unaofuta sehemu moja unagusa vipande vidogo vya sehemu nyingi, na kila sehemu inafidiwa kwa zile baiti za kukagua. Kwa utaratibu huu diski inaweza kupoteza takribani biti 4,000 mfululizo, kama milimita 2.5 za njia, na namba zote zikarudi kamili. Si kwa kukisia. Ni zilezile zilizorekodiwa. Pengo likizidi hapo ndipo mashine inaanza kubuni namba ya kati kwa kutazama jirani zake, na likizidi zaidi inanyamaza au inaruka.

Kutokana na hilo unapata sababu ya kufuta diski kutoka katikati kwenda nje, siyo kwa kuzungusha kama unavyofuta sahani. Kitambaa chenye chembe ya mchanga kikikwaruza kwa kukatisha njia, kila mzunguko umeumia kidogo na hesabu inarekebisha. Kikikwaruza kwa kuzunguka, kimefuata njia yenyewe na kufuta namba zinazofuatana kwa sentimita nzima. Hapo hata malori yakiwa mia, yote yamepita barabara iliyobomoka.

Basi kisomaji kimesoma, kimerekebisha, kimezipanga namba upya. Zinatoka kwa lile tundu la chungwa. Utaratibu wa kuzituma unaitwa S/PDIF, na S na P ni Sony na Philips, kampuni mbili zilizoileta CD duniani. Mashine ya kwanza ya Sony ilianza kuuzwa Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Waya mmoja unabeba kushoto na kulia kwa zamu, ndiyo maana hauhitaji matundu mawili. Yale matundu mekundu na meupe ya sabufa yanatarajia umeme wa sauti. Ukiyapelekea namba zinazokimbia kwa mamilioni kwa sekunde, spika haziwezi kuzifuata na sikio halizisikii. Ndiyo ule mchirizo wa mafuta. Hakuna kilichoungua.

Kwa nini mtu atenganishe kazi hizi mbili na kuuza maboksi mawili pale ambapo moja lingetosha? Jibu la miaka ya 1980 lilikuwa na mashiko. Sehemu ya kusoma ilikuwa imekamilika mapema, kwa sababu bila kukamilika diski haisomeki kabisa. Kugeuza ndiko kulikokuwa bado kunasuasua. Mashine za kwanza za Philips zilitumia chipu za biti 14 kwa diski ya biti 16, zikiziba pengo kwa hesabu ya kuzidisha vipimo mara nne. Ile ya kwanza ya Sony ilikuwa na kigeuzi kimoja kinachohudumia kushoto na kulia kwa kupokezana. Vigeuzi vikawa vinaboreshwa kila msimu. Mwenye kisomaji kizuri aliona heri abadilishe boksi dogo la kugeuza na kubaki na mota zake. Pia kulikuwa na hoja ya utulivu: mota na koili zinavuta umeme kwa kushtukashtuka, na sakiti ya kugeuza inapenda umeme uliotulia, kama mama mkwe na mkwe, bora kila mmoja na nyumba yake.

Hoja hiyo leo imepoa. Chipu ya kugeuza ya bei ndogo inafanya kazi ambayo mwaka 1985 ilihitaji boksi la kubebwa na watu wawili. Kinachoendelea kuviuza visomaji vya peke yake, na kampuni kama Cambridge Audio na Audiolab zimekuwa zikivitengeneza, ni kwamba siku hizi kigeuzi kimehamia ndani ya amplifaya, ndani ya spika, ndani ya boksi la kusikilizia muziki wa mtandaoni. Mtu tayari anacho. Akitaka kucheza diski zake za zamani anahitaji mfanyakazi wa kwanza tu. Hata Mbeya, sabufa na zile spika ndefu za kuweka chini ya TV zinazoingia siku hizi, nyingi zina nyuma tundu la mwanga, kama kile kidude cha mraba chenye kizibo. Kigeuzi kimo humo ndani na mwenye nyumba hajui.

Hapa lazima niguse ugomvi mkubwa wa watu wa fani hii, maana ukitaka kununua utakutana nao. Kundi moja linasema namba ni namba. Kisomaji cha laki na cha mamilioni vikitoa namba zilezile, muziki ni uleule. Kundi la pili linasema namba zinaweza kuwa sahihi lakini zikafika kwa muda usio sawa, na hilo linasikika. Kundi la pili halijakosea kwenye fizikia. Waya wa S/PDIF haubebi namba peke yake. Umebeba na mapigo ya saa pamoja nazo, na kigeuzi kinafuata mapigo hayo kujua namba ipi itolewe lini. Kwaya inaweza kuwa na maneno yote sawa, lakini mpiga ngoma akiyumba, wimbo unayumba. Kuyumba huko kwenye mashine wanakuita jita.

Swali ni kiasi gani. Kati ya kipimo kimoja na kinachofuata kuna mikrosekunde 22.7. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walichapisha jaribio walilowapa wasikilizaji waliozoea kazi hiyo, kwa vifaa na muziki wanaoupenda wenyewe: kuyumba kwa namna ya ovyo hakukutambulika mpaka kulipofika mamia ya nanosekunde (nanosekunde 1,000 ni mikrosekunde moja). Deki la kawaida lisilo bovu linayumba chini ya hapo kwa mbali sana. Tena vigeuzi vingi vya sasa havifuati mapigo kipofukipofu; vinazipokea namba, vinazituliza, na kuzitoa kwa saa yao. Kwa hiyo mimi nipo na kundi la kwanza, na sioni haya kusema kwamba anayenunua kisomaji cha mamilioni ili asikie besi nzuri zaidi ananunua alumini. Mtu akitaka alumini ni haki yake. Ile ya baba mdogo inapendeza kweli ikiwa kabatini.

Ninapompa kisomaji heshima ni kwenye kusoma. Kinasoma diski iliyochoka? Trei haikwami? Hakipigi kelele wakati wa wimbo wa taratibu? Na swali kuu kwetu sisi: lenzi yake inapatikana?

Hapo ndipo hadithi ya bei inapogeuka chini juu. Lenzi inakufa. Hakuna inayodumu milele. Baadhi ya mashine za gharama zilifungwa lenzi ambazo kiwanda kiliacha kuzitengeneza siku nyingi, na siku ikifa umebaki na kabati la vumbi. Wakati huohuo mashine nyingi za kawaida zimetumia lenzi za ukoo mmoja, kama KSS-213 ya Sony au SF-P101N ya Sanyo, ambazo fundi yeyote mwenye droo iliyojaa anazijua kwa sura. Kabla hujatoa hela, fungua skrubu nne za juu kama mwenye mali anakubali, usome namba iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi. Namba hiyo ina maana kubwa kuliko jina lililo usoni mwa mashine.

Na kuna dalili za lenzi inayochoka ambazo ni rahisi kuzisoma. Diski ya kiwandani inapiga, ya kuchoma haipigi: diski ya kuchoma hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na zile za kufutika na kuandikwa upya hurudisha kidogo zaidi, kwa hiyo ndizo za kwanza kukataliwa na leza iliyozeeka. Mashine inaandika hakuna diski tangu mwanzo: imeshindwa kusoma orodha ya nyimbo iliyo ndani kabisa, karibu na tundu. Nyimbo za mwanzo zinapiga, za mwisho zinaruka: angalia reli ya kusogezea lenzi kama haijakauka grisi, au diski kama haijachafuka pembeni. Baadhi ya mafundi, wakiona leza imechoka, hukaza kile kiskrubu kidogo kilicho ubavuni mwake ili kuiongezea nguvu. Itasoma. Utarudi nyumbani umefurahi. Baada ya wiki chache imekufa moja kwa moja, maana umemkimbiza mzee. Anza na pamba yenye spiriti kidogo kwenye lenzi, kwa mkono mwepesi kama unamfuta mtoto mchanga jicho.

Huku kwetu nyanda za juu kuna jambo ambalo kitabu cha maelekezo hulitaja kwa mstari mmoja tu: unyevu. Asubuhi ya Juni au Julai mashine imelala kwenye sebule ya baridi. Unawasha jiko, sufuria la uji linatoa mvuke, chumba kinapata joto upesi, lakini chuma na kioo ndani ya mashine bado ni baridi. Mvuke unatua kwenye lenzi kama unavyotua kwenye miwani ya mtu anayeingia jikoni. Mashine inakataa kila diski. Watu wamepeleka mashine kwa fundi asubuhi ya namna hiyo, na walipofika ikapiga bila kuguswa. Iache iwake bila diski kwa saa moja hivi. Msimu wa vumbi, Agosti kwenda Oktoba, tatizo ni lingine, na hapo kitambaa cha kufunikia ambacho vijana wanakicheka kina kazi yake.

Turudi sebuleni. Baba mdogo alihitaji kigeuzi. Vile viboksi vidogo vya kutoa sauti kwenye TV bapa kwenda kwenye sabufa, vinavyotumia umeme wa chaja ya simu, ndivyo vigeuzi vyenyewe. Upande mmoja vina tundu la waya na la mwanga, upande wa pili nyekundu na nyeupe. Tulikipata kimoja Mwanjelwa, kwa muuza rimoti. Si kifaa cha kujivunia mbele ya wenye fani, lakini kwa sabufa ya sebuleni kinatosha na kubaki.

Waya nao usikuogopeshe. Kwa tundu la chungwa unatakiwa waya wa omu 75, na waya wa omu 75 umejaa kila nyumba yenye king'amuzi: ni uleule wa dishi. Kata mita moja ya mabaki, funga pini mbili za kawaida, umepata waya wa namba. Waya wa AUX wa kawaida kwa umbali mfupi mara nyingi nao utafanya kazi, ila ukikatakata sauti utajua kwa nini. Kile kidude cha mraba chenye kizibo ni cha mwanga, utaratibu ulioanzishwa na Toshiba mwaka 1983. Ukivuta kizibo unaona taa nyekundu. Uzi wake ni wa plastiki, usiukunje kama kamba. Faida yake kwa nyumba zetu ni kwamba haupitishi umeme wowote, hivyo kama ukiunganisha mashine mbili sabufa inaanza kuvuma mmm hata wimbo haujaanza, uzi wa mwanga unaukata mvumo huo unaopita kati yao.

Tulipounganisha, muziki ukaja. Baba mdogo hakusema kitu, akaongeza sauti, akakaa. Diski ilikuwa ya kiwandani, ya muziki wa dansi wa zamani, na magitaa yalikuwa yametengana, moja huku moja kule. Kisha akasimama akaenda chumbani, akarudi na rundo la diski za kwaya za kanisani. Ya kwanza: mashine ikahesabu nyimbo, ikazunguka, kimya. Ya pili, hakuna diski. Ya tatu ileile. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemuuzia.

Nilipaswa kulikumbuka hilo mapema. Diski nyingi za kwaya tulizonunua miaka ile milangoni mwa makanisa ni VCD, zina picha. Kwa umbo ni CD, sentimita 12 zilezile, lakini ndani hakuna namba za sauti zilizopangwa kwa utaratibu niliouelezea. Kuna faili la video lililobanwa, na kisomaji hiki hakina akili ya kulifungua. Ni hivyohivyo kwa diski za MP3 zenye nyimbo 150: kisomaji cha muziki mtupu mara nyingi hakizitambui. Cha Tunduma ni mwanafunzi aliyefundishwa somo moja akalijua vizuri mno.

Anayeyajua yote ni deki la DVD, lile la kichina la bei rahisi ambalo kila nyumba ililitupa chini ya kitanda tuliponunua vifleshi. Ligeuze nyuma uone: mengi yana tundu lilelile la chungwa. Ni kisomaji pia, na kwa yote niliyoeleza juu, kwa diski safi namba zake hazina tofauti na za lile boksi la alumini. Kuna mtego mmoja. Ingia kwenye menyu ya sauti, utakuta chaguo tatu za S/PDIF: kuzima, RAW na PCM. Weka PCM. Ukiacha RAW, diski ya sinema itatuma sauti iliyobanwa ambayo kigeuzi kidogo hakiijui, na utapata kimya au kelele ya kutisha mbwa.

Diski alizochoma fundi wa mtaani na kuandika jina juu kwa kalamu ya wino zilikuwa na shida yao. Watu wanalinda upande unaong'aa na kuandika kwa nguvu upande wa juu. Ni kinyume. Upande wa chini una plastiki nene zaidi ya milimita moja kabla ya kufika kwenye data, na mkwaruzo mdogo hapo leza inapita juu yake kama taa ya gari kupita ukungu mwepesi. Upande wa juu, data imelala chini ya rangi nyembamba tu. Kalamu ngumu inaichimba. Mbili kati ya zile za kwaya, ukiziinua kuelekea dirishani unaona herufi za jina zikipitisha mwanga. Hizo hata hesabu ya Reed na Solomon haizifikii. Nyingine zilikuwa zimekaa dirishani kwenye jua, rangi ya kuchomea imepauka. Kwa zinazosomeka kwa shida, njia ni kompyuta: inaweza kurudi kusoma sehemu ileile mara nyingi mpaka ipate namba kamili, wakati kisomaji cha muziki husoma mara moja huku wimbo ukisubiriwa. Tulizitenga sita za kupeleka kwa mjukuu mwenye kompyuta ya zamani yenye trei.

Deki tulilitoa chini ya kitanda. Lilikuwa na nyumba ya buibui ndani na rimoti haikuonekana, lakini kitufe cha mbele kilitosha. Alumini ikaingia kwenye kigeuzi kwa uzi wa mwanga, deki kwa kipande cha waya wa dishi. Kigeuzi kina swichi ndogo ubavuni. Mama mdogo alikata kipande cha plasta nyeupe ya kidonda, akakibandika juu ya swichi, akaandika kwa kalamu: juu DANSI, chini KWAYA.